Mabomba Kumi na Nane Uani

Jumanne, 24 Septemba

Daftari hili nimepewa na Mzee Venance, fundi wa mabomba wa kampuni inayotuchimbia kisima. Amesema kazini kwao mtu anayetunza mabomba lazima awe na daftari, na kila siku aandike kitu, hata kama ni mvua tu. Nikamwambia mimi niliishia kidato cha pili. Akasema, "Mvua haihitaji kidato."

Basi naanza. Leo mabomba ya kisima yameshushwa uani kwetu. Ni kumi na nane, ya bluu, kila moja mita tatu. Wameyaleta kwetu kwa sababu uwanja wetu ni tambarare, na mtambo wa kuchimbia utasimama hapo chini karibu na ofisi ya kijiji. Mama mkwe wangu, Mama Scolastica, ameyatazama akauliza, "Haya, na maharage yangu nitaanika wapi?" Mume wangu Pancras hakuwepo. Yuko Nyakanazi anapakia mizigo kwenye malori, hurudi Jumamosi.

Injinia anaitwa Celestini. Si mkubwa sana kwangu kwa umri, ila ana sauti ya mtu anayesikilizwa. Amesema, "Mama Kwizera, haya yako mikononi mwako. Ukiyatunza vizuri nitakusemea kwenye kamati ya maji. Pampu itataka fundi wa hapa hapa kijijini, na huyo fundi atapelekwa kusoma."

Aliondoka. Nikachukua kitambaa nikayapangusa mabomba yote, ingawa yalikuwa safi.

Alhamisi, 26 Septemba

Mzee Venance ni Mhangaza wa kwetu Ngara, upande wa Rulenge. Alivyosikia nilivyomwamkia tu akajua nilikotoka. Tangu hapo ananiita binti yangu, nami namwita Baba. Alikuwa mtu wa mabomba kwenye visima vya gesi kule Mtwara miaka mingi kabla hajaja kwenye visima vya maji.

Leo wakati anasubiri chakula ninachowapikia nilimuuliza, kisima cha gesi kina bomba kubwa kiasi gani? Akacheka. "Si bomba moja, binti yangu. Ni kama mtu wa milimani asubuhi ya baridi, amevaa nguo juu ya nguo." Akaniambia kuna bomba la kwanza, pana na fupi, la kuzuia udongo wa juu usiporomoke. Ndani yake linapita jingine refu zaidi, wanaliita kesing, linamwagiwa saruji pembeni. Ndani yake tena kesing nyingine nyembamba, inashuka mpaka chini kabisa. Halafu katikati ya yote hayo kuna bomba jembamba ambalo gesi yenyewe inapandia. Hilo likichakaa linatolewa, linawekwa jipya, yale mengine hayaguswi.

"Na lile linalochimba?" nikauliza.

"La kuchimbia ni zito kuliko yote, linazunguka mchana kutwa, na kazi ikiisha linatolewa. Halibaki kisimani."

Kisima chetu cha maji ni kitoto, amesema, kina nguo moja tu. Ila hata hiyo moja ina sehemu mbili. Mabomba kumi na mawili ni mazima. Sita yana mipasuo ya kuingizia maji. Na hayo sita si sawa. Matatu yana mipasuo mipana kidogo, ukucha unashika. Matatu yana mipasuo myembamba kama unywele, hata ukucha hausikii vizuri. Mipana ni ya kukaa kwenye kokoto. Myembamba ni ya kukaa kwenye mchanga laini, ili maji yapite, mchanga ubaki nje.

Nikasema, "Kumbe ni chekeche. Ya unga wa muhogo na ya kuondolea pumba."

Alinitazama, akapiga paja. "Miaka yote hiyo nawaeleza vijana hawaelewi. Chekeche!"

Nimefurahi mpaka nikaunguza maharage.

Ijumaa, 27 Septemba

Jua. Kwizera ameota jino la nne.

Jumatatu, 30 Septemba

Kwizera anaharisha. Ni maji ya bwawa, najua, maana nilichemsha juzi, jana kuni zikawa mbichi nikampa hivyo hivyo. Ana mwaka na miezi miwili na mashavu yake yanaisha siku moja tu. Kule bwawani tulikuta ng'ombe wamesimama katikati. Jirani yangu Justina akasema, "Wasubirini wamalize kuoga, ndio tuchote chai."

Tulicheka. Mtu anaweza kucheka na huku amebeba dumu la maji ambayo asingenawia miguu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mtambo umeanza. Mabomba ya kuchimbia yanaungwa moja baada ya jingine na kushuka yakizunguka. Kelele mpaka kuku wamehamia kwa jirani. Kila mita tatu Mzee Venance anachota udongo uliotoka na kuuweka chini kwa mstari, mafungu madogo madogo, kama mtu anayeuza dagaa sokoni Runazi. Mwekundu, mweupe wa mfinyanzi, mchanga laini, tena mfinyanzi, halafu chini kabisa kokoto zenye maji. Kijiji kizima kinakuja kutazama mafungu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Pancras amerudi na sabuni na mkate. Nimemweleza mambo ya kokoto na mchanga mpaka akasema, "Mke wangu, umeolewa na mimi au na kisima?"

Jambo jingine naliandika hapa tu. Mzee Venance haoni vizuri. Leo alinipa karatasi ya injinia nimsomee, akasema miwani kaisahau. Jana pia alisema kaisahau. Nilimsomea mita zote. Alisikiliza amefumba macho, akazishika kichwani zote. Hakuniambia nifiche na mimi sikumuuliza.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo Mzee Venance amepanga mabomba uani kwa mpangilio wa kushuka. La kwanza, lililozibwa chini. La pili, la tatu na la nne ni ya mipasuo mipana. La tano hadi la tisa mazima. La kumi, kumi na moja na kumi na mbili ni ya mipasuo myembamba. Yaliyobaki mazima mpaka juu. Kila lenye mipasuo alilipitishia ukucha wa kidole gumba kwanza, taratibu, kama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Halafu akaandika namba kwa chaki, namba kubwa kubwa.

"Usiruhusu mtu ayasogeze."

"Sawa, Baba."

Ijumaa, 11 Oktoba

Manyunyu. Injinia amepita, amenikuta nimefunika mabomba kwa majani ya mgomba. Akamwambia mwenyekiti wa kijiji mbele yangu, "Huyu mama ndiye fundi wenu wa pampu, msitafute mwingine." Nimeandika hayo yote ili nikisahau nisome tena.

Jumanne, 15 Oktoba

Huu ni mwezi wa Rozari na jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, leo zamu ilikuwa yetu. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea, maana kila mtu alitaka kuona mabomba. Viti vyetu ni vitatu na mkeka mmoja. Justina akasema, "Jamani, madawati si haya hapa?" Wakaanza kuyavuta.

Nilisema, "Mzee amekataza." Nilisema kwa sauti ndogo. Mama mkwe akanijibu mbele ya watu, "Mama Kwizera, wageni wa Bikira Maria wakae kwenye tope kwa ajili ya mabomba?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Wakayapanga kwa mduara, akina mama wakakaa, sketi na vitenge vikifuta chaki yote. Nilikuwa na Kwizera mgongoni, anawaka homa, sikufuatilia hata Salamu Maria ya tatu.

Walipomaliza waliyarudisha vizuri tu, safu moja, wakanyoosha mpaka yakapendeza. Watu wazuri. Dakika chache baadaye ikanyesha mvua kubwa ya upepo, majani ya mgomba yakaruka, tope la uani likarukia mabomba mpaka mipasuo haionekani.

Jumatano, 16 Oktoba

Naandika usiku, wote wamelala.

Asubuhi alikuja mtu akikimbia kusema mabomba yanatakiwa sasa hivi. Shimo lililokuwa linapanuliwa limekwisha, na mvua imelilegeza, lisipovishwa leo litabomoka. Nilitoka uani. Namba hakuna, hata moja. Mabomba kumi na nane ya tope.

Mazima niliyajua kwa kutokuwa na mipasuo. Lile lililozibwa nilijua. Yalibaki sita. Ningechukua maji nikayaosha, nikapitisha ukucha kama Baba alivyofanya, ningejua mipana ni ipi na myembamba ni ipi. Maji yaliyokuwa ndani ni dumu moja, na lilikuwa la Kwizera, nilishalichemsha. Nikajiambia watu wazima wakitoa kitu mahali hukirudisha mahali pake. Nikachukua chaki aliyoiacha Mzee dirishani nikaandika namba kwa kufuata yalivyolala. Nilijitahidi namba zifanane na zake.

Kule kisimani mvua ilikuwa imeanza tena. Injinia anapiga kelele, vijana wanaunga bomba kwa bomba, wana haraka. Mzee Venance amevaa glavu, kila bomba likifika ananiuliza, "Namba?" Nami namsomea. Moja. Mbili. Tatu. Watu wamejaa wameshika miavuli na mifuko ya mbolea kichwani. Mwenyekiti akasema, "Tazameni mtoto wa kike anavyofanya kazi!" Nilisikia moyo wangu unakua.

Yaliposhuka yote, kabla kokoto za kuyazungushia kwa nje hazijamwagwa, maana zikimwagwa hayatoki tena, Mzee Venance alivua glavu. Sijui ni nini kilimshtua. Alikuja mpaka karibu, uso wake karibu kabisa na wangu.

"Binti yangu. Chaki haikuoga mvua?"

"Tulifunika, Baba."

"Namba ni zile zile nilizoandika mimi?"

Injinia alikuwa hatua tatu, amesimama na vijana wenye ndoo za kokoto, wanasubiri. Mwenyekiti anatutazama. Justina anatutazama. Nilifikiria fundi wa pampu. Nilifikiria na mabomba, nikajiambia yako sawa, kwa nini yasiwe sawa?

"Ndizo, Baba."

Akasema, "Mwageni."

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Maji! Yametoka meupe, halafu kama chai ya maziwa, halafu safi kabisa. Vigelegele mpaka barabarani malori yamepunguza mwendo. Mama mkwe amenikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimeolewa. Justina amemmwagia Pancras maji kichwani. Kwizera amekunywa akacheua akacheka.

Nimekaa nje ya nyumba na kushukuru. Nimejiambia, umeona? Yalikuwa sawa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Pampu imefungwa. Watu wanapanga ndoo kabla ya jua.

Jumatano, 30 Oktoba

Maji yananyesha juu na yanatoka chini. Nimepanda maharage.

Chini ya ndoo yangu kulikuwa na mchanga kidogo, kama wa kuchezea mtoto. Nimeumwaga kabla mama mkwe hajauona.

Jumamosi, 2 Novemba

Mchanga umeongezeka. Laini, wa rangi ya unga wa muhogo. Ninaujua mchanga huu. Ni fungu la tatu kutoka kwenye mstari wa Mzee Venance.

Jumatatu, 4 Novemba

Pampu inasaga. Ukiishika mpini unasikia kama meno ya mtu mwenye hasira. Justina amesema, "Kumbe tumechimbiwa kiwanda cha saruji." Watu wamecheka. Mimi nilishindwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Injinia amekuja na vijana wake na Mzee Venance. Wamefungua pampu, imeliwa na mchanga. Wamepima kisima, chini kumejaa mchanga mita nne. Injinia hakupiga kelele, ndiyo mbaya zaidi. Alisema polepole, kila mtu akasikia.

"Mzee, mipasuo mipana iko kwenye mchanga laini. Umegeuza mabomba."

"Inaonekana hivyo."

"Inaonekana? Nani alipanga?"

"Nilipanga mimi."

"Nani alisimamia kushusha?"

"Mimi."

"Nimeambiwa habari za macho yako, mzee, nikakataa kusikia. Nikasema huyu katoka kwenye gesi, anajua mabomba kuliko sisi sote."

Mzee Venance alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilikuwa nimebeba sinia la ugali wao. Ningeweza kusema. Nilikuwa karibu kiasi kwamba mvuke wa ugali ulimgusa injinia. Mzee alinigeukia, mimi sijui kama aliniona au aliona kivuli cha mtu mwenye sinia, akasema, "Weka chini, binti yangu, utaungua."

Nikaweka chini.

Wenzake walipomaliza kula alichukua mfuko wake, akapanda lori la mtambo mpaka Nyakanazi kutafuta gari la Ngara. Ameachishwa. Hakula.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumerudi bwawani.

Jumapili, 10 Novemba

Sikukomunika. Mama mkwe ameuliza, nimesema tumbo.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua, mvua. Kwizera anaharisha tena. Safari hii nimemtazama na nimeshindwa kulaumu ng'ombe.

Kila nikichekecha unga mkono unasimama. Kwa nini sikulimwaga lile dumu la maji yaliyochemshwa juu ya mabomba? Ningechemsha mengine. Lilikuwa dumu moja.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimemwambia Pancras. Alikuwa anakula senene, wameanza kuanguka wiki hii na Justina alituletea bakuli zima. Nilimweleza tangu Rozari mpaka "Ndizo, Baba." Akaacha kutafuna.

"Mzee alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Kokoto hazijamwagwa?"

"Hazijamwagwa."

Akasogeza bakuli. Nilitegemea atanigombeza. Alisema tu, "Deodata, yale mabomba yangetoka jioni ile ile," na akatoka kwenda kutazama mbuzi. Mbuzi tulishawafungia.

Jumatatu, 18 Novemba

Mama mkwe amejua, sijui kwa Pancras au kwa uso wangu. Nilidhani atapiga mayowe. Alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda.

"Nyamaza," amesema. "Yule mzee ameshakwenda kwao. Wewe una mtoto, unaishi hapa. Unataka wanawake wa kijiji hiki wakuimbe?"

"Mama, ameachishwa kazi kwa ajili yangu."

"Na mimi ndiye niliyesema wageni wa Bikira Maria wasikae kwenye tope. Unafikiri silali na hilo?"

Miaka mitatu nimeishi na mama huyu nikidhani hana anachojutia. Halafu akasema, "Kama utasema, sema mkutanoni, mara moja, kwa sauti. Usiseme kidogo kidogo bwawani."

Ijumaa, 22 Novemba

Mkutano wa kijiji. Injinia alikuwepo kueleza kisima kitatengenezwaje. Mwenyekiti alipouliza kama kuna swali nilisimama.

Nilisema, "Shikamooni wazee wangu. Namba zilifutika. Niliziandika mimi, kwa kubahatisha. Mzee Venance aliniuliza kabla kokoto hazijamwagwa, nikamdanganya. Kosa ni langu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu mtu nyuma akasema, "Kwa hiyo mpaka leo tunakunywa na ng'ombe kwa sababu ya mke wa Pancras?" Mwingine akasema, "Si ndiye fundi wa pampu? Mpigieni makofi!" Wakapiga makofi kweli, wengine.

Justina alisimama, nikadhani atanitetea. Akasema, "Mabomba tuliyasogeza sisi. Lakini asubuhi ile tungekusaidia kuosha, nyumba zetu ziko hapo hapo. Ungetuita tu." Akakaa. Hilo ndilo limenichoma, maana ni kweli. Walikuwa hatua ishirini.

Mama mkwe alikuwa amembeba Kwizera. Alibaki amesimama karibu yangu mpaka mkutano ukaisha. Hakunishika, alisimama tu.

Injinia aliniita pembeni. Nilitaka atukane. Akasema, "Nilimwambia mzee yule maneno mbele ya watu." Alichezea funguo zake. Akasema kampuni inaweza kumrudisha ikiwa ataandika barua kueleza ilivyokuwa, wameshampigia simu, haipatikani. Habari ya fundi wa pampu hakuitaja, na mimi sikuuliza.

Jumatano, 27 Novemba

Bwawani nikifika wanasema, "Mpisheni injinia achote." Nimechota.

Jumanne, 3 Desemba

Wamesafisha mchanga na kuingiza bomba jembamba ndani ya lile la kwanza, lenye mipasuo kama unywele kutoka juu mpaka chini. Nguo ndani ya nguo, nimekumbuka Baba. Maji yanatoka safi. Ila njia imebana. Ndoo iliyokuwa inajaa kwa kupampu mara ishirini sasa ni mara sitini. Mistari ya ndoo imekuwa mirefu. Injinia amesema ndivyo kitakavyokuwa siku zote, kisima kikishakosewa kinatengenezwa, hakirudi kipya.

Wamemchagua kijana mmoja wa injinia awafundishe vijana wawili wa kijiji pampu. Mimi nimo kwenye kupiga deki sakafu ya kisima, Jumatano na Jumamosi. Nimekubali.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mama mkwe amefunga maharage kwenye kitenge chake kizuri. "Huwezi kwenda kwa mzee mikono mitupu." Atabaki na Kwizera. Kesho naenda Ngara.

Jumatano, 11 Desemba

Niko kwa dada yangu Ngara, naandika kabla ya gari.

Jana nilishuka Rulenge nikaulizia, nikafika kwake saa tano. Nyumba ndogo ya tofali, kahawa mbele, mlango unatazama milima. Mke wake, Mama Agripina, alinipokea vizuri kwa sababu hakujua mimi ni nani. Mzee Venance alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Nilimsalimu, akajua sauti.

"Ni mtu wa chekeche."

Nilipiga magoti. Nilisema yote, na kwamba nimeshayasema mkutanoni. Aliendelea kupukuchua, punje zinaanguka. Mkewe alisimama mlangoni na ndoo, akarudi ndani.

"Nilijua siku ile," amesema mwishowe. "Nilipokuuliza nilikuwa ninajua nusu. Bomba la pili nililishika, likanikataa mkononi. Nikasema labda ni glavu. Nikasema labda ni uzee." Akapukuchua. "Ungesema hapana, tungeyatoa yote, tungeosha, tungeshusha tena. Kazi ya saa tatu, nne. Tungelowa tu."

Nilitegemea atasema nimekusamehe. Hakusema, na alikuwa na haki.

Nikamwambia habari ya kampuni na barua. Nilikuja na karatasi na kalamu. Akanawa mikono, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha, akasema, "Haya, andika ninavyosema."

Nikaandika. Alisema jina lake na kazi yake na miaka yake. Halafu akasema, "Andika kwamba macho yangu hayaoni vizuri mwaka wa nne huu. Nilificha. Nisingelificha, ningeyapima mabomba mwenyewe kwa mkono, nisingetegemea namba."

Nilisimamisha kalamu. "Baba, ukiandika hivyo hawatakurudisha."

"Wewe umesema lako mbele ya kijiji kizima. Mimi nikae hapa na langu? Andika."

Nikaandika, machozi yanatia madoa karatasi.

"Sasa andika: Binti Deodata asilaumiwe. Sikumuuliza kitu. Ningemuuliza, angeniambia."

Nilimtazama. Alikuwa ameelekeza uso kwenye milima, mtulivu kabisa, kama mtu aliyekwisha kuamua zawadi atakayotoa. Asingeweza kuona ninachoandika. Ningeweza kuandika alivyosema, na karatasi ingefika kwa injinia, na kijiji kingesikia, na mistari ya ndoo ingeniachia nafasi tena.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Nisomee."

Nikasoma tangu mwanzo, jina, miaka, macho. Nilipofika mwisho sauti yangu ilikuwa ndogo, nikarudia kwa sauti kubwa. "Nilimuuliza Deodata kabla kokoto hazijamwagwa. Alijua, akanijibu uongo."

Ndani ya nyumba sufuria ilikuwa inachemka. Mzee Venance aligeuza uso kutoka kwenye milima, akanielekea.

"Sivyo nilivyosema."

"Ndivyo ilivyokuwa, Baba."

Alinyoosha mkono akitafuta kalamu. Nikamwekea vidoleni, nikashika kidole chake cha shahada nikakiweka mahali pa sahihi.